Mdogo wangu, nani kakwambia maumivu ya chuchu ni ya kuvumilia?

Mdogo wangu,

Voisi yako ya saa nane usiku nimeisikiliza mara tatu, wewe unalia na mtoto analia, unasema akianza tu kutafuta ziwa mwili mzima unakusisimka kwa woga. Naandika hapa hadharani sababu wapo wengi kama wewe, siku ya nne ya tano wanang'ata pindo la khanga mtoto akinyonya na kila anayeingia kuwapa hongera anawaambia vumilia ndo uzazi huo.

Na mimi kwa mtoto wa kwanza nilivumilia wiki 2 nzima. Chuchu zikapasuka, siku moja mtoto akacheua maziwa yana damu nikajua mwanangu anakufa, kumbe damu ni yangu, kaimeza toka kwenye vidonda na wala haikumdhuru. Nesi niliyemkuta hakukimbilia dawa, akasema hebu mnyonyeshe nione, akatazama kidogo tu akaniambia mama, huyu hanyonyi ziwa, ananyonya chuchu.

Shida mara nyingi ni hiyo. Kuuma kidogo siku za mwanzo pale anapoanza kuvuta kunawapata wengi na kunaisha baada ya muda mfupi, ila kukiendelea mpaka anamaliza, jua hajashika vizuri. Mgeuze mwili wote akuelekee, tumbo lake kwenye tumbo lako, shingo isipinde, pua iwe usawa wa chuchu, umguse nayo mdomo wa juu halafu SUBIRI aachame kabisa kama anapiga miayo, hapo ndo unamvuta yeye aje kwenye ziwa kidevu kikitangulia, sio wewe kumuinamia, mgongo utakufa. Akishika vizuri kidevu kimegusa ziwa, mdomo wa chini umebinuka nje, na ule weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi kwa juu kuliko chini. Akiachia, tazama chuchu, ikitoka imebinywa upande mmoja kama lipstiki mpya basi alikuwa anaibana. Ikiuma usimchomoe, ingiza kidole safi pembeni ya mdomo aachie, anza upya, hata mara nne. Ziwa likiwa limejaa gumu kamua kidogo kwanza lilainike, la sivyo atashindwa kushika.

Ile spiriti uliyoletewa usipake, na sabuni usisugulie, maji ya kuoga yanatosha. Akimaliza kamua matone kidogo ya maziwa yako mwenyewe, paka, acha pakauke kwa hewa. Mafuta ya lanolini yanapatikana famasi na huna haja ya kuyafuta kabla hajanyonya. Anza na upande usiouma sana. Kuruka zamu ya kunyonyesha usifanye, kichanga ananyonya kama mara 8 mpaka 12 kwa siku usiku na mchana, ukiruka maziwa yanajaa na hali inakuwa mbaya zaidi.

Ukimkalisha vizuri na bado inauma, nenda kliniki wamuangalie ulimi maana inaweza kuwa udata, yaani ulimi umeshikwa kwa chini. Ukiona utando mweupe mdomoni mwake haufutiki na wewe chuchu zinachoma kama moto hata akishamaliza, hiyo inaweza kuwa fangasi, mtibiwe wote wawili, akitibiwa mmoja inarudi. Ziwa likiwa jekundu, lina joto na una homa, siku hiyohiyo hospitali, ila kunyonyesha usiache. Na dada unayesoma hapa uko kwenye ARV, chuchu ikipasuka au ikitoa damu wahi kliniki usisubiri tarehe yako, na upande wenye kidonda usimpe kwanza, kamua umwage.

Jumamosi asubuhi nakuja na mtori, tutakaa wote hapo kitandani tumuweke mpaka ashike. Wifi yako akirudia tena habari ya kumpa maji ya glukosi ili chuchu zipumzike, mwambie dada kakataa.