Bi mkubwa wangu hakuchezewa

Mhariri,

Assalaam alaykum. Miaka sita nilimuuguza mama hapa Wete, na kila aliyekuja kumtazama alikuwa na lake. Wengi walisema uzee. Wengine walimtaja jirani kuwa ndiye aliyemchezea kwa uchawi, na neno hilo limetutenga na nyumba ya pili mpaka leo.

Maradhi yale ya kupoteza kumbukumbu yanaitwa Alzheimer. Daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyaeleza mwaka 1906 baada ya kuutazama kwa hadubini ubongo wa mwanamke aliyemjua akiwa hai. Aliona mabonge nje ya seli, na ndani ya seli nyuzi zilizosokotana.

Mabonge yale ni vipande vya protini, amiloidi-beta, ambavyo vimeng'enya huvikata kutoka protini kubwa iliyo kwenye utando wa seli. Ubongo wenye afya huviondosha. Vikizidi, hasa vile virefu vyenye pingili 42 za asidi amino, hugandana. Nyuzi za ndani ni tau, protini inayoshikilia vijia vya kusafirishia mahitaji ya seli, kama kamba inavyofunga fito za ukuta wa udongo. Kemikali ziitwazo fosfeti zikiiganda kupita kiasi, tau huachia, ikajisokota. Vijia hulegea, seli haziwasiliani tena, mwisho zinakufa. Hata seli za ulinzi, ambazo kazi yake ni kufagia taka, huchochea uvimbe na kuongeza madhara. Na yote hayo huweza kuanza miaka 15 au 20 kabla mtu hajapotea njia ya sokoni!

Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya, huumia mapema. Ndiyo maana mama alisahau kuwa ameshakula na akaniita kwa jina la marehemu dada yake. Lakini ukimwekea karafuu mbichi jamvini alichambua barabara, karafuu huku, makonyo kule. Nilimtazama mikono ile huku nalia.

Kwenye kituo cha afya niliambiwa, "Ni uzee, mrudishe nyumbani." Hakuna aliyempima hata presha. Dawa ya kuyaponya maradhi haya haipo, nafahamu, lakini lau tungejua mapema, nisingekubali apelekwe kwa mganga aliyemfukiza mpaka pumzi zikampaa.

Pensheni jamii ilianza 2016 kwa wazee wa Zanzibar waliofika miaka 70, kwa hiyo majina yao yapo. Basi wahudumu wa afya wa shehia wawapitie wazee hao, wawaulize maswali machache ya kumbukumbu, wawapime presha na sukari. Sisi watoto wao wa miaka 40 na 50 nasi tupimwe, maana presha na kisukari vya umri huu huongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni.

Nawe Mhariri, siku mwandishi wako atakapoleta habari ya bibi kizee aliyekutwa usiku akizurura, watu wakasema mchawi, asiishie kwa sheha na polisi. Amuulize na daktari.

Msomaji wako,
Wete, Pemba