Kabla ya bei ya kasuku, ulizia kibali

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme na wale wanaotaka kufuga kasuku kwa mara ya kwanza. Namzungumzia yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, maana ndiye anayetafutwa na wengi kwa ajili ya kusema kwake. Matangazo yake mitandaoni hayakauki, na chini ya kila picha swali ni lile lile: bei gani?

Lingetangulia swali la karatasi. Ndege huyu aliingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, kwenye mkutano wa Johannesburg mwaka 2016, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku hawa waliokamatwa porini imefungwa. Kumfuga Kenya kunataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la huko. Tanzania, mlango wa kubisha ni TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Kasuku asiye na karatasi huenda ametolewa misitu ya Kongo, ambako wategaji hupaka ulimbo matawini na kumfunga kasuku mwingine karibu awaite wenzake. Wengi hufa njiani. Anayekufikia amechoka, ana hofu na pengine ni mgonjwa, hata kama bei yake ni ya kutupa.

Mtazame jicho. Kasuku mchanga ana jicho la kijivu kizito, karibu na weusi, ambalo hugeuka polepole kuwa la manjano hafifu akipevuka. Ukiambiwa ana miezi minne na jicho limeshakuwa la manjano, ondoka. Lakini pia usikimbilie kinda ambaye bado analishwa uji kwa bomba la sindano, eti ndiye atakayekuzoea. Uji huo unatakiwa uwe na joto la nyuzi 39 hadi 41. Ukizidi unaunguza mfuko wa chakula shingoni. Ukipoa unakaa humo mpaka unachacha. Na maziwa ya ng'ombe hayamfai, kwa kuwa ndege hana uwezo wa kumeng'enya sukari yake. Nunua anayekula mwenyewe.

Tundu liwepo nyumbani kabla ya ndege. Kipimo cha chini ni sentimita 60 kwa 60, kimo 90, na nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 2.5, la sivyo atapenyeza kichwa kisitoke. Fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza, ila mkataze kabisa wavu wa kuku uliopakwa zinki. Kasuku hupanda kwa mdomo na kutwa nzima anaguguna. Zinki ikimwingia hutapika, hulegea, na wengi hufa. Chuma cha pua ni ghali lakini hakina ubishi. Vijiti vya kutulia viwe matawi ya mpera yenye magome, unene wa sentimita 2 hadi 3.5, visilingane. Kijiti kimoja laini kinabana mguu pale pale kila siku hadi nyayo zinatoka vidonda.

Tundu likae sebuleni, upande mmoja ukiegemea ukuta ili ajione salama. Jikoni ni marufuku. Hewa hupita katika mapafu ya ndege anapovuta na anapotoa, kwa hiyo sumu inamwingia haraka kuliko sisi. Moshi wa jiko la mkaa unamuua ndege wakati mwenye nyumba bado anajisikia kizunguzungu tu. Vile vikaango visivyogandisha chakula, vikisahauliwa motoni vikapata moto kupita kiasi, hutoa mvuke unaoweza kumuua kasuku kwa dakika chache, hata akiwa chumba cha pili.

Sasa chakula, na hapa ndipo makosa mengi yalipo. Muuzaji hukukabidhi ndege kwenye boksi pamoja na nusu kilo ya alizeti, nawe unaendelea na alizeti mwaka mzima. Alizeti ni mafuta matupu kwa ndege aliyefungiwa. Vitamini A na kalsiamu ni kidogo mno. Upungufu wa vitamini A hukausha utando wa pua na koo, ndipo yanapoanza yale mafua yasiyokwisha. Kalsiamu ni balaa zaidi kwa kasuku wa kijivu: ikishuka anatetemeka, anaanguka kutoka kijitini na kupatwa na degedege, watu wakasema amerogwa.

Nusu ya mlo iwe mboga na matunda: sukuma wiki, majani ya kunde, karoti, boga, papai, viazi vitamu vya kuchemsha. Pilipili anaila kama peremende, kwani ukali wake hausikii. Mchicha mpe kwa uchache, maana una asidi inayoshika kalsiamu. Robo kijiko cha chai cha mawese mekundu juu ya viazi, mara mbili kwa wiki, kitampa vitamini A. Porini mchikichi ni chakula chake. Kalsiamu ataipata kwenye ule mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni, au maganda ya mayai yaliyochemshwa dakika 10 na kusagwa. Haitamfaa bila jua, na jua la nyuma ya kioo halihesabiki. Mtoe nje na tundu lake dakika 20 asubuhi, nusu ya tundu ikiwa kivulini.

Parachichi, chokoleti, kahawa, pombe na vyakula vya chumvi visimkaribie. Karanga zenye ukungu hushambulia mapafu. Chakula cha kuku wa mayai nacho wengi wanakijaribu: kalsiamu yake imepimwa kwa kuku anayetaga, na figo za kasuku haziimudu.

Kumtoa kwenye alizeti kunachukua wiki kadhaa. Punguza kidogo kidogo, usimshindishe njaa, na mpime kila asubuhi kabla hajala kwa mizani ya jikoni. Wengi wana gramu 400 hadi 500. Aliyekuwa na 450 akifika 405 ni wa daktari siku hiyo hiyo. Mizani inakwambia mapema kuliko macho, kwa kuwa ndege huficha ugonjwa; ukimwona amevimbisha manyoya, mkia unapanda na kushuka akipumua, au amekaa sakafuni mwa tundu, umeshachelewa. Daktari mtafute kabla ya kununua, na umuulize kama amewahi kutibu ndege zaidi ya kuku. Mtu wa nyumbani akipata homa na kikohozi, daktari wake aambiwe kuna kasuku, maana upo ugonjwa unaohamia kwa binadamu.

Siku mbili tatu za mwanzo mwache atulie. Kisha mpe kitu mkononi, dakika tano tano, mara kadhaa kwa siku. Akikuuma usipige kelele. Kelele kwake ni mchezo, atarudia. Usiku alale kwa muda wa saa 10 hadi 12. Mchana apewe kazi: makumbi ya nazi, magunzi, boksi lenye mbegu ndani. Asipokuwa na la kufanya hujinyonyoa manyoya, na tabia hiyo ikishaingia ni vigumu kuitoa. Kusema msimdai kabla ya mwaka. Wengine hawasemi kabisa, na ndege huyu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi.

Nina ombi moja kwako, Mhariri. Gazeti lisipokee tangazo la kasuku lisilo na namba ya kibali. Ni mstari mmoja tu kwenye tangazo, na muuzaji mwenye karatasi hatapata tabu kuuandika.

Mfugaji wa kasuku,
Mombasa