Lapi yako ya gemu inachemka? Si lazima iwe kadi imeungua

Juzi kijana wa chuo alitoka Maseno na matatu akaingia kwa duka na lapi yake ya gemu ameifunga na leso, akaiweka kwa kaunta pole pole kama mtu amebeba trei ya mayai. "Omera fundi, hii kitu imekufa?" Haikuwa imekufa. Inawaka sawa, anacheza mpira dakika kumi hivi poa kabisa, halafu wachezaji wanaanza kutembea kama wako kwa matope, feni inanguruma kama mashine ya posho, baada ya dakika mbili inarudi sawa, halafu matope tena. Mahali alianzia kupeleka walimwambia kadi ya grafiki, ile inachora picha za gemu, imeenda na lazima ubao mzima wa ndani, ule umeshikilia vitu vyote, ubadilishwe, na vile ubao unauzwa, hapo afadhali uongeze kidogo ununue lapi ingine.

Tukaifungua yeye akiwa amesimama hapo anaangalia. Ukitoa feni unaona yale meno membamba ya shaba yamepangwa kama kitana, hapo ndio hewa inapita ikitoka nje. Ya huyu kijana meno hayakuonekana. Kulikuwa na kitu ya kijivu, nimeitoa na kibanio ikatoka nzima nzima kama kipande cha blanketi, na ndani yake wale wadudu wadogo wa ziwani wamekauka, wengi tu. Alikuwa anacheza usiku dirisha wazi, taa imewaka, na kama umekaa Kisumu unajua hao wadudu wakiona taa hawapigi hodi. Kabla tufungue prosesa, ule ubongo wa lapi, ilikuwa inagonga digrii 97 akicheza, baada ya kusafisha na kuweka pesti mpya, dawa ya kupitisha joto, gemu ileile, ikakaa 81. Kadi ilikuwa nzima siku zote.

Sababu ya haya yote ni umeme. Lapi ya kawaida ya ofisi prosesa yake inakula wati 15 hivi na chaja yake ni ya wati 65. Ya gemu prosesa peke yake ni 45 na kupanda, kadi ya grafiki 80 ama zaidi, ndio maana chaja yake ni tofali la wati 180 au 230. Na umeme wote huo mwisho wake ni joto, hakuna pahali pengine unaenda, yaani ni kama umechukua balbu mbili za zamani za wati 60 ukazifungia ndani ya kitu yenye unene wa daftari. Njia ya kutokea ni moja: mirija ya shaba inabeba joto hadi kwa yale meno, feni inapuliza, hewa moto inatoka pembeni. Ukiziba meno joto linabaki ndani, na prosesa ikifika 95 ama 100 hivi kulingana na aina, inajipunguzia spidi yenyewe isiungue. Hayo ndio matope unaona kwa gemu. Kwa hivyo ikikwama halafu irudi, ikwame halafu irudi, usikubali mtu akuambie imeungua kabla afungue akuonyeshe kwa macho.

Halafu kuna mambo ya hapa kwetu. Mtu anaangalia video ya jamaa huko Ulaya lapi kama yake inacheza kwa digrii 75 anaanza kujilaumu, lakini huyo jamaa ako kwa chumba cha digrii 20 na wewe uko Nyalenda chini ya mabati saa nane mchana, hewa yenyewe inaingia kwa feni ikiwa 30 na kitu. Feni haitengenezi baridi, inasukuma tu hewa iliyoko. Ndio maana hata zile stendi za feni za kuweka chini ya lapi huwa hatukusukumii ununue, zinasaidia kidogo, na kama ndani kumezibwa hazisaidii kitu. Vifuniko viwili vya soda chini ya miguu ya nyuma, lapi ipumue, hiyo ni bure na mara nyingi inatosha. Na tafadhali usichezee kwa kitanda, mashimo ya kuvuta hewa yako chini na godoro linayaziba yote.

Pesti nayo. Ni ile dawa inapakwa kati ya prosesa na shaba, ikizeeka inakauka inakuwa kama chokaa na joto halipiti vizuri. Lapi nyingi za gemu tunaona hapa zimetumika Uingereza miaka mitatu minne kabla zifike huku, na pesti ni ileile ya kiwandani. Kama umenunua mtumba, hiyo ndio kitu ya kwanza. Lakini mashine zingine zinakuja na metali ya maji badala ya pesti, hiyo inapitisha umeme na inakula aluminiamu, tone moja likianguka kwa ubao ni kilio. Usifungue hiyo juu umeona video.

Blowa sasa, ile mashine ya kupuliza vumbi. Hapa nitasema ukweli, sisi wenyewe tukianza tuliwahi kuharibu. Tulipeleka lapi ya mteja kwa karakana ya magari tukaipulizia na ile hewa ya kujaza matairi, vumbi lilitoka wingu, tukafurahi, jioni feni ikaanza kulia kwa sababu ilizungushwa kuliko uwezo wake beringi zikaumia. Tulinunua feni na pesa yetu. Kwa hivyo ukipulizia nyumbani zima kabisa, toa chaja, shikilia feni na kijiti isizunguke, puliza kidogo kidogo. Na ujue kupuliza kutoka nje hakutoi lile blanketi, saa zingine kunalishindilia zaidi.

Kabla hata ulete, jaribu hii. Ndani ya gemu funga fremu, yaani picha ngapi zinachorwa kwa sekunde, kwa 60, skrini yako kama ni ya kuonyesha 60 kwa sekunde zile zingine huzioni na unazilipia kwa joto. Halafu kwa Windows, kwa mipangilio ya umeme, kuna mahali pa kiwango cha juu cha prosesa, toa 100 weka 99. Kwa lapi nyingi za Intel hiyo moja tu inazima ile spidi ya ziada na digrii zinashuka vizuri, na kwa gemu nyingi hutaona tofauti kubwa. Ikifanya kazi basi baki na pesa yako.

Lakini kama tachipedi imeinuka ama kifuniko cha chini hakifungi vizuri, zima sasa hivi, usichaji tena. Hiyo ni betri imevimba, usiibonyeze na usiitoboe, ilete vile iko.

Kusafisha na pesti mpya ni shilingi 1,500, saa mbili hivi kama hakuna foleni, na unaweza kukaa uangalie. Feni ikiwa imekufa tutakuambia bei kabla tuguse. Na ukikuja beba chaja yake ile original, wengi wanaiacha nyumbani, na bila hiyo lapi ya gemu inakula umeme kidogo haipati joto, sasa tutakaa hapa tukiitazama imetulia kama mtoto amefika kwa daktari homa ikapotea.