Asante, kaka wa maabara

Kaka uliyekuwa zamu maabara jioni ile kule Nyegezi, jina lako sikuuliza. Nilishaunga faiba, ule uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mawasiliano kwa mwanga, mara tatu, na kila mara mwanga mwekundu ulivuja palepale kwenye kiungo. Hukuninyang'anya kifaa. Ulinipa spiriti na kitambaa, ukaniambia nifute tena, nikate upya mpaka ncha iwe nyoofu kabisa, maana njia ya mwanga ndani ya uzi ule ina upana wa mikromita 9 tu, haifiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Vumbi dogo linatosha kuiziba. Mara ya nne mashine ikaonyesha upotevu wa mwanga wa desibeli 0.03, yaani karibu hakuna. Machozi yalinitoka. Hesabu zake nilishazikariri, ila kuzielewa nilizielewa mezani pako. Leo naunga faiba Igoma, na bado nafuta mara mbili. Asante sana, kaka. Mungu akuzidishie.