Kabla ya Kulipia Nyumba, Mjue wa Upande wa Pili wa Ukuta

Mama mmoja alinunua nyumba kupitia kwetu baada ya kuiangalia mara mbili, zote saa nane mchana. Vyumba vitatu, dari safi, mabomba mapya, hati haina tatizo. Wiki ya pili tangu ahamie alitupigia simu saa sita usiku. Hakusema mengi. Aliibandika simu kwenye ukuta wa chumba cha kulala, nasi tukasikia: du, du, du. Jirani alikuwa fundi wa spika, na usiku ndipo alipozijaribu. Kila tulichokikagua kilikuwa sawasawa. Hatukumkagua jirani.

Jambo hilo lilituuma, na tangu siku ile tumebadilisha namna tunavyofanya kazi. Rangi utapaka upya, mabomba utabadilisha, hata paa utaliezua ukitaka. Jirani huwezi kumhamisha. Mara nyingi alikuwepo kabla yako, na ana haki ya kuwepo kama wewe.

Tuanze na kelele, maana ndizo zinazowanyima watu usingizi. Ukuta mzito huzuia vizuri sauti nyembamba kama za mazungumzo. Mdundo wa besi haukubali kuzuiwa hivyo: unautikisa ukuta wenyewe, na ukuta unautoa upande wako. Ndiyo sababu yule mama hakusikia wimbo, alisikia du, du tu. Pazia na zulia haviuzuii. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na watu wanaozungumza kawaida hutoa kama desibeli 60. Mwaka 2009 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza kelele za usiku nje ya nyumba, kwa wastani wa mwaka, zisizidi desibeli 40. Tofauti ya 20 inaonekana ndogo, lakini kila desibeli 10 zinazoongezeka ni nguvu ya sauti mara kumi, kwa hiyo 20 ni mara mia. Ukiambiwa "kuna kelele kidogo tu", usiridhike. Nenda ukasikilize mwenyewe, tena usiku.

Mipaka nayo ina yake. Uzio unaouona si lazima uwe umekaa juu ya mpaka. Huenda aliyeujenga aliusogeza ili asikate mti, miaka mingi iliyopita, na mwenzake wa upande wa pili akakubali kwa mdomo. Wao walielewana. Wewe hukuwepo, na anayekuja kurithi nyumba ya jirani hakuwepo pia. Hapo ndipo watu waliokuwa wakisalimiana kila asubuhi wanapoishia mahakamani kwa ajili ya hatua mbili za ardhi. Mpima ardhi akilinganisha ramani na vigingi vilivyopo chini kabla hujalipa, gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na kesi. Uliza pia kama kuna jirani mwenye haki ya kupita kwenye kiwanja hicho. Haki kama hiyo mara nyingi haifi nyumba inapouzwa.

Na maji! Watu wengi huangalia bomba linatoa maji au halitoi, wakasahau mvua. Kama kiwanja cha jirani kiko juu kuliko chako na yeye amemwaga zege uani kote, maji yaliyokuwa yakizama kwenye udongo wake sasa yanateremkia kwako. Chuchumaa chini ya ukuta wa upande huo. Ukikuta mstari wa tope uliokauka, au rangi imevimba na kubanduka usawa wa goti, mvua imeshakueleza jinsi inavyopita hapo.

Lakini huwezi kuyajua yote kwa kuangalia. Inabidi uulize, na swali lenyewe lina namna yake. Ukimuuliza mtu "majirani wa hapa wazuri?" atakujibu "wazuri tu", kwa sababu hakujui na hataki maneno. Muulize jambo analoweza kulieleza: mvua kubwa ya mwisho, maji yalielekea wapi? Wageni wakija, magari yanaegeshwa wapi? Maji taka yakiziba, nani anaita fundi na nani analipa? Atakapoanza kusimulia, msikilize anavyowataja wenzake. Anayesema "tulichanga, tukazibua" anakuonyesha mtaa wa namna moja. Anayesema "niliwaambia wakakataa" anakuonyesha mwingine. Muuzaji naye muulize moja kwa moja kama amewahi kugombana na jirani kuhusu mpaka, kelele, mti au maji, na jibu lake aliandike na kulitia saini. Asiyekuwa na la kuficha haoni tabu kuandika.

Kuna wateja wanaotuuliza "ni watu wa aina gani pale?" wakimaanisha kabila au dini. Swali hilo hatulijibu. Tumeona watu wasiofanana kwa lolote wakiachiana funguo wanaposafiri, na ndugu wa damu wakijengeana ukuta. Tabia ndiyo ya kuchunguza.

Kwa nyumba ya ghorofa, omba kumbukumbu za vikao vya wakazi na orodha ya madeni ya michango. Lifti ikiharibika na nusu ya wenye nyumba hawalipi, utapanda ngazi.

Tumesema sana kuhusu jirani mbaya, na si haki kumwacha mwema bila kumtaja. Alfajiri ya Januari 17, 1995, tetemeko la ardhi lilipiga Kobe, Japani, na kuua watu zaidi ya 6,400. Wazimamoto wasingeweza kufika kila nyumba iliyoanguka, na wengi wa waliotolewa hai kwenye vifusi walitolewa na jamaa zao na majirani. Katika mji mdogo wa Hokudan, kwenye kisiwa cha Awaji karibu na kitovu cha tetemeko, watu walikuwa wakijuana kiasi cha kufahamu nani analala chumba kipi, wakajua pa kuchimba. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndugu yako akupende namna gani, kama yuko mwendo wa saa tatu, anayesikia kishindo chako usiku ni mtu wa upande wa pili wa ukuta.

Kwa hiyo tunawaomba wateja wetu wapige hodi kabla ya kulipa. Jitambulishe, sema unafikiria kuhamia, taja watoto wako kama unao, na kama una mbwa mseme. Jirani naye anataka kujua anapata nani. Wapo waliobadilisha nia pale mlangoni, na sisi tukakosa kamisheni. Tuliona ni bora hivyo kuliko simu nyingine ya saa sita usiku.

Huduma yetu ya kumkagua jirani pamoja nawe haiongezewi malipo. Tunakwenda nawe mara tatu: siku ya kazi asubuhi, mwisho wa wiki jioni, na usiku. Mvua ikinyesha tunaongeza safari ya nne, na viatu tunavijua vya kuvaa. Usiku tunazima taa, tunafunga madirisha, tunakaa kimya chumba cha kulala kwa dakika kumi bila kushika simu. Kisha kila mmoja anasema alichosikia.

Kuhusu yule mama, tulikwenda naye kwa fundi. Alikuwa kijana mpole, wala hakujua kwamba mdundo unavuka. Siku hizi anajaribu spika zake mchana, na zile kubwa amezitoa sakafuni na kuziweka juu ya mpira mnene, mbali na ukuta wa mama. Bado zinasikika kidogo. Mama anasema analala.