Kwa nini taa za magari hukusumbua usiku ilhali unasoma herufi zote ubaoni

Madereva wanaosafiri usiku hutuletea dukani lalamiko moja mara kwa mara: macho yamepimwa, miwani ni mipya, herufi za mstari wa mwisho ubaoni zinasomeka, lakini gari likitokea mbele na taa zake nyeupe, barabara yote hufunikwa na utando wa mwanga. Wengi huomba tuwaongezee nguvu ya lenzi. Nguvu ya lenzi haitaondoa tatizo hilo, kwa sababu ubao wa herufi hupima jinsi jicho linavyokusanya mwanga mahali pamoja, ilhali utando huo husababishwa na ile sehemu ndogo ya mwanga inayotawanyika ndani ya jicho na kuiangukia retina, yaani sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha, mahali pasipostahili.

Mtawanyiko huu upo hata katika jicho lenye afya. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho chenye unene wa takriban nusu milimita, imejengwa kwa nyuzi za kolajeni (aina ya protini) zenye kipenyo cha nanomita 30 hivi, nazo zimejipanga kwa utaratibu kiasi kwamba mwanga unaotawanywa na uzi mmoja hufutwa kwa sehemu kubwa na ule wa nyuzi jirani. Nyuma yake iko lenzi ya jicho, iliyojaa protini. Chembe zinazotawanya mwanga zikiwa ndogo sana kuliko urefu wa wimbi lake, hufuata kanuni ileile inayoifanya anga ionekane ya buluu: mtawanyiko hubadilika kinyume na kipeo cha nne cha urefu wa wimbi, yaani wimbi likiwa fupi, mtawanyiko huongezeka sana. Kwa hesabu hiyo, mwanga wa buluu wa nanomita 450 hutawanyika zaidi ya mara nne ya mwanga mwekundu wa nanomita 650.

Rangi ya jicho nayo huingilia kati. Macho ya rangi hafifu hupenyeza mwanga kiasi kupitia irisi (duara lenye rangi linalozunguka mboni) na ukuta wa jicho, na mwanga huo huwa mwekundu zaidi, kwa hiyo tofauti kati ya buluu na nyekundu hupungua. Katika macho meusi na ya kahawia, ambayo ndiyo ya wateja wetu wengi, melanini, yaani rangi nyeusi ya asili ya mwili, huufyonza mwanga huo, na kanuni ya mawimbi mafupi hujitokeza kwa uwazi zaidi.

Hapo ndipo wauzaji wa miwani ya njano hupata hoja yao: kama buluu ndiyo inayotawanyika zaidi, basi izuiwe. Hoja hiyo hatuikubali, na miwani hiyo hatumshauri mtu yeyote aivae anapoendesha gari usiku. Mtu anapozeeka, protini za lenzi hushikamana na kuwa mabonge makubwa, na mabonge hayo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Ndiyo sababu mtoto wa jicho aliyekomaa huonekana mweupe kama maziwa. Isitoshe, lenzi ya mzee huwa tayari imegeuka ya manjano na inafyonza buluu yenyewe. Ukiongeza kioo cha njano juu yake, unapunguza mwanga wote, ukiwemo ule mdogo unaotoka kwa mtu anayetembea kando ya barabara akiwa na nguo nyeusi.

Kwa hiyo, ukituletea lalamiko hili, tutaanza na miwani yako, kwa kuwa mikwaruzo na mafuta ya vidole hutawanya mwanga kama lenzi iliyochakaa, na vivyo hivyo kioo cha gari chenye vumbi. Lenzi ya kawaida ya plastiki hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga katika kila uso wake, na tabaka la kuzuia uakisi hupunguza hasara hiyo. Baada ya hapo tutaiangalia lenzi ya jicho lenyewe kwa darubini yenye mwale mwembamba; tukiona ukungu, tutakuandikia barua ya kwenda kwa daktari wa macho, kwa sababu mtoto wa jicho hatibiwi kwa miwani bali kwa upasuaji.

Ila ukiona duara zenye rangi za upinde wa mvua kuzunguka taa, huku jicho likiuma na kuwa jekundu, usianzie dukani kwetu. Huenda presha ya jicho imepanda ghafla na konea imejaa maji, hata mpangilio wa tishu zake ukavurugika. Nenda siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye daktari wa macho.