Maofisa rasilimali watu wasimamie michango ya wafanyakazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie wastaafu wanaohangaikia mafao kwa sababu michango yao haikuwasilishwa. Lawama huelekezwa kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, ilhali mara nyingi tatizo limeanzia kwa mwajiri.

Katika kampuni nyingi, idara ya rasilimali watu huonekana siku ya usaili na siku ya barua ya onyo. Kazi yake kubwa ipo katikati: kutunza kumbukumbu sahihi kwa miaka yote ya utumishi. Jina likikosewa herufi moja, au tarehe ya kuzaliwa ikipishana na ya kitambulisho cha taifa, mzee wa miaka 60 ndiye atakayezungushwa kutafuta viapo na barua. Mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu yake hukatwa kwa mfanyakazi mwenyewe. Kuikata na kutoiwasilisha ni kumdhulumu.

Napendekeza Wizara yenye dhamana ya kazi iwatake maofisa rasilimali watu kumkabidhi kila mfanyakazi, kila Januari, taarifa ya michango yake iliyohakikiwa na kusainiwa. Wakaguzi wa kazi nao wadai nakala zake wanapofika, hata kwenye viwanda vidogo.

Msomaji wako,
Morogoro